Wasomaji wanauliza: mkorogo wa harusi, pua ya kwenye simu, na piko

*Asalaam aleikum. Harusi yangu ni wiki 6 zijazo, hapa Langoni. Shangazi zangu walitaka ning'arishwe kabla ya kutolewa nje, basi tangu miezi 4 napaka mkorogo kila siku: krimu ya kopo pamoja na tyubu niliyouziwa dukani. Mwanzo uso ulitakata. Sasa nikikosa siku mbili unawaka, vipele vimejaa, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nifanyeje?* – Bi harusi, Lamu

Waaleikum salaam, dada. Huko kuwaka ndiko kunakotuonyesha kilichomo. Tyubu za mkorogo mara nyingi huwa ni klobetasoli ya asilimia 0.05 au betamethasoni, steroidi kali ambazo daktari huzitoa kwa ukurutu. Hubana mishipa midogo ya damu, uso ukaonekana mweupe na laini, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Ukikosa kupaka, mishipa hufunguka kwa mkupuo na uso huchemka. Wengi hapo hudhani ngozi inadai krimu, wakaongeza. Tafadhali usiongeze.

Ungekuwa umepaka wiki mbili tu, tungekwambia tyubu uitupe leo. Kwa miezi 4, ipunguze ukiwa mikononi mwa daktari. Chukua kopo, tyubu na maboksi yake uende navyo hospitali ya King Fahd. Huenda ukapewa dawa hafifu zaidi, au ukapangiwa kupaka siku moja na kuruka moja, kisha mbili. Steroidi nyingi huufanya mwili uache kutengeneza ya kwake. Kwa hiyo ukipata kizunguzungu, kutapika na kulegea mwili mzima, nenda siku hiyo hiyo.

Kopo nalo lina habari yake. Soma kibandiko: ukiona calomel, mercurio au neno lolote linaloanza na mercur-, hiyo ni zebaki. Onyo la kuvua dhahabu na fedha kabla ya kupaka ni dalili nyingine, kwa sababu zebaki hushikamana na dhahabu. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa kila milioni, lakini makopo bado yanauzwa. Zebaki huharibu figo, na mvuke wake hutoka kwenye taulo na foronya ukavutwa na watoto wa nyumbani. Hiyo haipunguzwi polepole, inaachwa leo. Lifunge kopo ndani ya mfuko wa plastiki, usilimwage chooni wala baharini. Krimu isiyoandikwa viungo vyake nayo iache.

Kuhusu vifundo: ngozi ya pale ni nene na hukunjwa kutwa, haishiki dawa kama ya shavuni. Ukisugua kwa jiwe utaizidisha weusi. Na kama ndani ya krimu mna haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, jua likiipiga kwa muda mrefu huleta madoa ya samawati-nyeusi ambayo ni shida kutoka.

Kwa wiki hizi 6, nawa kwa sabuni isiyo na manukato, paka Vaseline tupu, na mchana mafuta ya kukinga jua ya SPF 30: mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Limau usiguse, maana maji yake yakikutana na jua huchoma ngozi ikatoa malengelenge. Mwambie somo wako singo, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi, aipake mwilini, usoni aache, chembechembe zake zitakuchubua. Liwa, yaani unga wa msandali, ya kusagwa laini jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48.

Uso utarudi kuwa mweusi, pengine kuliko ulivyokuwa, kwa miezi kadhaa. Mpambaji achague poda dirishani mchana, kwa rangi ya shingo na kifua chako, asipimie mgongo wa mkono. Shangazi zako wanakupenda, lakini walichokuomba kinalipwa na figo zako. Waonyeshe ukurasa huu.

*Binti yangu wa miaka 15 anataka pua yake ifanyiwe upasuaji. Anajipiga picha mchana kutwa, na shule sasa anaikwepa.* – Mama, Malindi

Mama, anza na simu. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikiwa mita 1.5. Iegemezeni simu ukutani kwa umbali huo, apigwe picha, azilinganishe mwenyewe. Kisha fungueni mipangilio ya kamera mkazime urembo na filta. Simu nyingi hulainisha uso bila kuombwa, na msichana akarudi kwenye kioo akajiona ameharibika.

Lakini kukwepa shule ni zaidi ya simu. Kijana anayewazia kasoro moja zaidi ya saa nzima kila siku, anayeangalia kioo kila mara au kujifunika uso, huenda ana maradhi yanayotibika kwa ushauri wa kitaalamu. Upasuaji kwa kawaida hauyaondoi, kasoro huhamia pengine. Uliza hospitali ya Malindi wakuelekeze kwa mshauri. Kumwambia "wewe mzuri" mara kumi kwa siku hakusaidii, kesho atauliza tena. Na wageni wanaosalimu kwa "umenenepa" au "mbona umekuwa mweusi", wakatae mbele yake.

*Mteja wangu ametoka malengelenge pale pale nilipochora piko. Si ni hina tu?* – Mpaka hina, Shela

Siyo. Piko ni dawa ya nywele yenye parafenilinidiamini, haikutengenezwa kwa ngozi. Mzio hutokea siku 1 hadi 3 baadaye na hudumu maishani: mteja huyo asiguse piko wala dawa nyeusi ya nywele tena, na kwa malengelenge amwone daktari. Hina ya kweli haiwi nyeusi ti kwa nusu saa. Chunga gramu 100 za unga mpya, changanya na maji ya limau robo lita, ukiongeza kidogo kidogo mpaka uji ushike, na vijiko 2 vya sukari. Funika saa 6 hadi 12. Ikishapakwa ikae saa 6, ikwanguliwe bila maji, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Itatoka rangi ya chungwa, usimwache mteja akate tamaa: siku ya pili hugeuka kahawia iliyoiva.