Anticrético ya Bolivia si pango la kawaida

Ndugu, umeuliza kama mkataba wa "anticrético" kutoka Cochabamba uuite "lease" kwa Kiingereza. Hapana, usifanye hivyo. Kule mtu anampa mwenye nyumba fedha nyingi kwa mkupuo, anaishi bila kulipa kodi, na muda ukiisha anarudishiwa fedha zake zote. Yaani anayeishi ndani ndiye mdai, mwenye nyumba ndiye mdaiwa! Ukiandika "tenant" na "landlord", msomaji wa London atadhani zile fedha ni kodi iliyokwisha kuliwa. Mimi ningeandika "antichresis", na mara ya kwanza tu niweke maelezo ya sentensi moja. "Acreedor anticresista", yaani huyo mdai anayeishi ndani, awe "antichretic creditor".

Kama mkataba umeandikwa "mixto", hapo kuna fedha za kurudishwa na kodi ya mwezi pia, usizichanganye.

Derechos Reales iache kwa Kihispania, ueleze kuwa ni ofisi ya usajili wa mali zisizohamishika. Bila usajili huo mkaaji hana kinga dhidi ya watu wengine, kwa hiyo tafadhali namba ya usajili isikuponyoke.