Kila Meseji Ikiingia, Moyo Unanipasuka

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 19, nakaa Igoma hapa Mwanza. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, PCB, nikapata divisheni wani ya pointi 7: Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Nimeomba udaktari Bugando, Muhimbili na Dodoma. Tangu dirisha la awamu ya kwanza lifungwe sina raha. Kila meseji ikiingia moyo unanipasuka, hata ikiwa ni ya mtandao wa simu wanatangaza vifurushi. Usiku naamka saa nane, nafungua akaunti za vyuo, nakuta maneno yale yale. Chakula hakipiti. Kwenye grupu letu la shule kila siku kuna anayesema kasikia majina yanatoka kesho.

Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na wenzake wameshaanza kumwita Mama Daktari. Baba ndiyo kabisa. Akija mgeni ananiita nisalimie, anasema, "Huyu ndiye daktari wetu." Natabasamu, halafu naenda kulia bafuni. Nikikosa nitawatazamaje? Halafu kuna kaka mmoja anasema ana mtu ndani ya chuo, tumpe laki tatu asukume jina langu. Mama ameanza kuzikusanya. Nifanyeje?

Jina kapuni, Igoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na matokeo yako, kwa sababu umeyataja mbiombio kana kwamba ni ya mtu mwingine. B ya Kemia haiokotwi. Nimefundisha somo hilo shule za wasichana ukanda huu wa ziwa mpaka nikastaafu, najua ni usiku ngapi zimekwenda humo. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mbele ya chuo, basi, wewe una 11 kati ya 15. Sifa za chini za udaktari umezipita. Lakini kufikia sifa za chini kunakuruhusu kushindanishwa tu, na wenye A mbili na tatu nchi nzima wameandika vyuo hivyo hivyo ulivyoandika wewe. Unaweza kupata, unaweza kukosa. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo, na anayekuambia zaidi ya hapo, awe wa kwenye grupu au huyo kaka wa laki tatu, anabuni.

Kuhusu usiku. Majina yakitoka saa nane ya usiku, saa mbili asubuhi yatakuwa bado yapo. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba maalumu kwa simu, uthibitishe kimoja, na kazi hiyo hupewa siku kadhaa. Hakuna aliyewahi kupoteza nafasi kwa sababu alilala. Kwa hiyo simu ikalale chumbani kwa mama. Angalia akaunti zako asubuhi mara moja na jioni mara moja, basi. Hakikisha tu laini uliyoombea ni yako na iko hewani. Grupu la shule linyamazishe mpaka majina yatoke. Rafiki wa kweli atakupigia.

Mama yako atakuwa anajua jambo moja litakalokusaidia. Mwezi ukiwa mkali, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana dagaa hawazifuati taa. Muulize wanafanya nini siku hizo. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakwenda kuona watoto. Hakuna anayekaa ufukweni kuukodolea mwezi macho ili uzame haraka. Nawe unazo nyavu za kushona. Ombi la mkopo ni kitu tofauti na ombi la chuo, na dirisha lake halisubiri majibu ya udahili. Je, cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili? Fomu imesainiwa serikali ya mtaa, imepita kwa wakili au hakimu? Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyojaza Bodi ya Mikopo ni ile ile uliyoombea chuo? Wanaochaguliwa udaktari halafu wakakwama kwa karatasi wapo, nao huumia kuliko waliokosa.

Kisha kaa na mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, uupange upya moyoni. Majibu ya kwanza yakitoka, vyuo hutangaza kozi zenye nafasi kwa awamu ya pili. Famasia, uuguzi, sayansi ya maabara za tiba, zote zinafundishwa pale pale Bugando unapopatazama ukipita mjini. Andika mbili ambazo ungezisoma kwa moyo, siyo za kujifariji. Ikiwa hakuna hata moja, nalo ni jibu: kuna wanaorudia mtihani kama watahiniwa binafsi ili wapandishe Fizikia, na wanafika.

Sasa baba. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona hofu yako kubwa haiko Muhimbili, iko sebuleni kwenu. Umeuliza utawatazamaje, hukuuliza utasoma nini. Mwanangu, zungumza na baba kabla majibu hayajatoka. Usisubiri. Baada ya majibu, ukikosa, kila neno litasikika kama kujitetea, naye atakuwa ameshaumia, mtaumizana. Leo hakuna aliyekosea chochote.

Chagua jioni ambayo hana mgeni. Kama kumkabili peke yako ni kuzito, mwombe mama au shangazi yako awepo, ndivyo nyumba zetu zinavyofanya. Sema hivi: "Baba, nafasi za udaktari ni chache na walioomba ni wengi. Naweza kukosa. Ukiniita daktari mbele ya wageni nakosa usingizi. Naomba tusubiri." Basi. Usimlaumu. Niliwahi kujiwa ofisini na baba mmoja aliyekuwa akimtangaza binti yake kanisani kila Jumapili. Hakuja kuuliza matokeo. Alikuja kuniuliza amwambie nini mtoto asiyekula kwa mashaka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa halali. Alimsifia hadharani kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumpa nguvu. Inawezekana baba yako naye yumo humo humo, anasubiri mtu amwambie kwamba anaweza kunyamaza.

Ukishasema, ukiona wiki zinapita bado hulali, huli, au linakujia wazo la kujidhuru, usinisubiri mimi. Siku hiyo hiyo mwambie mama, mwende hospitali. Bugando kuna kliniki ya afya ya akili, na hakuna anayeandika popote kwamba aliyetibiwa pale hafai kuwa daktari.

Huyo kaka ni kishoka. Vyuo havina mlango wa pembeni wa kusukumia jina. Wenzake hufanya hivi: wanachukua hela kwa watu wengi, waliochaguliwa kwa pointi zao wenyewe wanaamini ni kazi ya kishoka, waliokosa wanazimiwa simu. Mwonyeshe mama aya hii. Laki tatu ni dagaa wengi mno, na mtazihitaji kwa nauli, godoro na siku za mwanzo kabla fedha za mkopo hazijaingia, chuo chochote utakachokwenda. Leo hii azirudishe alikozitoa, na huyo kaka akipiga, mama ndiye apokee.