Ujumbe Mmoja, na Unga wa Halati Ukachacha

Halati yangu hukanda unga wa mahamri saa tatu usiku. Tui, iliki, hamira, kisha sufuria inafunikwa sahani na khanga kuukuu juu yake. Alfajiri ukiingia jikoni utaikuta sahani imeinuliwa na unga. Jumatano ya 10 Agosti 2022, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, sahani iliinuka kama kawaida, ila hakuna aliyesukuma wala kuinjika karai. Unga ulikaa hadi adhuhuri ukachacha, ukamwagwa. Usiku ule halati hakukanda tena. Siku nne biashara ililala, na aliyeilaza ni mimi.

Nilikuwa nimemtumia ujumbe wa sauti. Mtu nisiyemjua ananong'ona kama aliyejificha chooni kwenye mkutano, anasema jamaa yake "aliye ndani" amemwambia watu wasitoke, mambo yataharibika. Juu yake palikuwa na ile mishale miwili ya WhatsApp, inayokuonyesha kwamba ujumbe umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Niliiona. Nikatuma hivyo hivyo, na chini yake nikaandika: "Sijui kama ni kweli, lakini tahadhari."

Hiyo "sijui kama ni kweli" nimeifikiria sana tangu siku ile. Ni kinga ya anayetuma. Likitokea, mimi ndiye niliyewaonya. Lisipotokea, mimi sikusema ni kweli. Halati hakuiona "sijui" yangu. Aliona ujumbe umetoka kwa mtoto wa dada yake, aliyesoma, basi akafunga. Kwa hiyo nasihi yangu ya kwanza ni hii: ukijikuta unaandika "sijui kama ni kweli", futa ujumbe wote, si hayo maneno peke yake.

Najua utaniambia nyakati zile hata malaika angeshtuka. Ni kweli, Mombasa uvumi ulikuta shamba limeshalimwa. Mkesha wa kura, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Wafula Chebukati, alitangaza kwamba kura ya ugavana hapa kwetu na Kakamega imeahirishwa, karatasi zimechapwa na kasoro za picha na maelezo ya wagombea. Tukapiga ya rais bila ya gavana, na ya gavana tukaja kuipiga 29 Agosti. Mtu akikuambia baada ya hapo kwamba kuna linalofichwa, utambishia na nini? Huku runinga kila moja inajumlisha kivyake: hii inasema Raila yuko mbele, ukibadilisha stesheni unamkuta Ruto. Kisha hesabu zikapungua kwenye skrini, zikanyamaza, na matokeo yenyewe hayakutangazwa mpaka 15 Agosti. Katika kimya kama kile binadamu hujaza mwenyewe.

Ila kimya kile hakikuwa kitupu, na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Fomu zilikuwa wazi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya sababu ni namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Mwaka 2022 tume ikaweka picha za fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya rais ya kila kituo, kwenye tovuti yake, kituo kwa kituo, vituo 46,229, yeyote mwenye bando azifungue. Ndiyo maana runinga zilitofautiana: kisima kilikuwa kimoja, ila kila mmoja alianza kuchota upande wake. Mimi nilikuwa na bando ya kusikiliza minong'ono. Ya kufungua fomu sikuikumbuka.

Aliyenikumbusha ni mjomba, bila kukusudia. Siku ya tatu akaweka skrinshoti ya fomu kwenye kundi la familia, na chini yake herufi kubwa tupu: KURA ZETU ZIMELIWA. Kijana wa jirani alikuwa amepiga picha matokeo yaliyobandikwa mlangoni usiku wa kuhesabu, na tarakimu hazikulingana na za mjomba hata kidogo. Kundi likawaka. Binamu wawili wakatoka kundini, mmoja kwa matusi, mwingine kwa salamu.

Nikafungua fomu, safari hii kweli. Ni karatasi ya kuandikwa kwa mkono: majina ya wagombea wanne, kura kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi ya msimamizi, sahihi za mawakala, muhuri. Nikakuza kwa vidole viwili mpaka pale juu. Pameandikwa kituo cha 3 kati ya 4. Ile ya kijana wa jirani ilikuwa kituo cha 1 kati ya 4. Shule moja, madarasa mawili. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi hugawanywa vyumba kufuata herufi za majina. Mjomba alipigia chumba kimoja, jirani kingine. Fomu zote mbili zilikuwa halali. Hapakuwa na mwongo hata mmoja kwenye ugomvi ule, na karibu tupoteze undugu.

Sikumjibu mjomba kundini. Nilimpigia simu. "Shikamoo mjomba, hebu itazame ile karatasi pale juu, pembeni mwa jina la shule." Kimya. Kisha, "Aaa." Kisha akaniuliza habari za mama yangu. Jioni akaifuta mwenyewe. Ningemsahihisha mbele ya watoto wake, mpaka leo angekuwa anaitetea. Mtu mzima mpe mlango wa kutokea.

Msinisome vibaya: sisemi watu wasilalamike. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo yale hadharani, na waliopinga walikuwa na haki ya kwenda Mahakama ya Juu. Walikwenda. Mahakama ikaagiza fomu za tovutini zilinganishwe na za karatasi, haikupatikana tofauti ya maana, na 5 Septemba ikathibitisha ushindi wa Ruto. Ukiridhika usiridhike, ule ulikuwa ubishi wa karatasi mkononi.

Mwaka 2024 niliona vijana wakiufanya ubishi wa namna hiyo vizuri kuliko sisi. Mswada wa Fedha ulisomwa kifungu kwa kifungu, ukatafsiriwa, ukaelezwa mpaka dereva wa matatu anakutajia ushuru wa magari wa asilimia 2.5. Lakini hata pale, kundi letu bado lilikuwa likisambaza habari ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate karibu wiki nzima baada ya kuondolewa 18 Juni. Yaliyobaki yalitosha kabisa kumkasirisha mtu, na 25 Juni watu walikufa kwenye maandamano ya kuupinga mswada ule. Ukibeba hoja iliyokwisha ondolewa, unampa mpinzani wako nafasi ya kukucheka na kuyakwepa yaliyobaki. Tazama tarehe ya unachotuma.

Sasa akili mnemba imeingia, na sauti ya kunong'ona haihitaji tena hata mnong'onaji. Sikio langu siliamini, na sikushauri uliamini lako. Wanaojidai wanaitambua sauti bandia kwa kuisikiliza ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Ninachouliza ni: nani kasema, lini, wapi, na je, naweza kwenda kuona kwa macho yangu? Nikikosa moja, ujumbe unalala kwangu.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kwetu tumeshagawana kazi: kila mmoja na mlango wa darasa lake, apige picha karatasi nzima, isikatwe pale juu kwenye nambari ya kituo. Mjomba amekubali, ila anataka kwanza abadilishiwe kioo cha simu. Halati amesema siku hiyo na ya pili yake atakaanga, na ujumbe wowote kutoka kwangu hatausikiliza mpaka karai litoke motoni.