Maswali ya Wasomaji: Kuendesha Baiskeli katika Uwanda wa Mafuriko

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunakusudia kupanda baiskeli siku nzima kwenye njia inayofuata mto ndani ya uwanda wake wa mafuriko. Njia hiyo inagawanyika katika matawi mawili: tawi moja linakwenda ukingoni mwa mto, jingine linapita mbali, chini ya vilima. Maji yalipungua wiki mbili zilizopita, na mwenzangu anashikilia kwamba tawi la mbali ndilo kavu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana hoja inayoingia akilini, lakini mara nyingi mambo huwa kinyume. Mto unapofurika, kasi ya maji hupungua mara tu yanapouacha mkondo, na hapo ukingoni ndipo mchanga, ulio mzito, unapotua. Chembe ndogo za mfinyanzi huendelea kuelea mpaka maji yatuame mbali na mto. Hali hiyo ikijirudia kwa karne nyingi, ukingo huinuka ukawa tuta la asili, na nyuma yake hubaki ardhi ya chini yenye kinamasi. Kwa hiyo tawi la ukingoni kwa kawaida hukauka mapema, isipokuwa pale kwenye kona ya nje ambapo mto unakula ukingo, hapo msiusogelee.

Mkifika panapogawanyika, chukueni udongo kidogo, muuloweshe na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikwaruza, ni mchanga, nanyi mtapita. Ukiteleza na kuviringika kama uzi bila kukatika, ni mfinyanzi, ambao hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kabisa. Mimi hubeba kijiti cha kuukwangulia, wala sioni aibu. Msidanganywe pia na tope lililopasuka juu kama vigae, kwa maana chini yake huweza kuwa bado bichi.

Njia zilizojengwa juu ya matuta ya reli za zamani zina nafuu. Katy Trail ya jimbo la Missouri, Marekani, yenye urefu wa kilomita zipatazo 385, ni ya namna hiyo: kwa sehemu kubwa inaufuata mto Missouri, na uso wake ni wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hata hivyo mafuriko ya mwaka 1993 yaliiharibu vibaya.

Kuhusu miguu, kumbukeni kwamba tambarare haina mteremko wa kuwapumzisha: mtapiga pedeli muda wote, na upepo hauna kizuizi. Nendeni dhidi ya upepo asubuhi, mngali na nguvu.

Ulizeni pia hali ya mvua katika nyanda za juu mto unakotoka, kwa sababu maji huweza kuwafikia siku kadhaa baadaye chini ya anga jeupe. Mkikuta maji yanayotembea yamekatiza njia, geuzeni baiskeli, hata yakionekana ya kifundoni, kwa kuwa maji ya tope hayaonyeshi shimo lililochimbwa chini yake. Mkirudi, osheni baiskeli kwa ndoo na brashi. Maji ya pampu yenye nguvu huingia kwenye beringi yakaondoa grisi. Kisha tieni mnyororo mafuta kabla haujashika kutu.