Taa ya Oili, Matone na Moshi: Pima Kwanza Kabla Hujashusha Injini

Nina Corolla 110, ile yenye injini ya 5A-FE ya cc 1498. Gari la umri huu halikosi jambo la oili. Ama linadondosha, ama linakula, ama ile taa nyekundu yenye alama ya birika inawaka wakati uko foleni Ubungo na mvua inanyesha. Yote matatu watu huyaita kwa jina moja, "oili inasumbua", na hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu kila moja lina chanzo chake na kipimo chake. Ukimwambia fundi "inasumbua" tu, jibu la haraka ni "hii ifanyiwe ovahoo, mkuu", yaani injini ishushwe na kufumuliwa yote. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kushusha injini kuna mambo unaweza kuyapima mwenyewe uwani, mengine bila hata kushika spana.

Nianze na taa, maana ndiyo isiyosubiri. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo yenye waya mmoja. Presha ikiwa chini mno, swichi inaugusisha ule waya na bodi ya gari, na taa inawaka. Kwa hiyo ukifungua ufunguo bila kuwasha injini ni lazima iwake, na injini ikishika izime ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa ukifungua ufunguo, usifurahi. Ama balbu imeungua, ama kuna mtu alichomoa waya ili akuuzie gari.

Ikiwaka ukiwa barabarani, weka pembeni na uzime injini hapo hapo. Usisubiri sheli inayofuata, wala usijiambie nyumbani ni karibu. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake hazigusani kwa sababu katikati yake kuna utando mwembamba wa oili yenye presha. Utando ukikosekana, chuma kinasugua chuma, na dakika chache zinatosha kugeuza tatizo la filta kuwa tatizo la injini nzima. Subiri kidogo oili ishuke kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Gari liwe sehemu tambarare. Futa kijiti, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena, na usome hiyo mara ya pili. Mara ya kwanza huwa inadanganya. Kwa injini nyingi ndogo, kati ya alama ya L (pungufu) na F (imejaa) ni kama lita moja. Taa inayomulika ukikata kona au ukifunga breki, halafu ikazima gari likinyooka, karibu kila mara ni oili pungufu: kile kidogo kilichobaki kinakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa.

Sasa tuseme oili imejaa vizuri na taa bado inawaka. Chomoa waya wa swichi, hakikisha ncha yake haigusi chuma chochote, kisha fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Injini haina kosa. Taa ikizima, waya ni mzima, na sasa washukiwa ni wawili: swichi yenyewe au presha ya kweli. Hapa hakuna kukisia. Inatakiwa geji ya kupimia presha.

Jirani yangu ana gari kama langu. Taa yake ilikuwa inawaka injini ikishapata moto na kutulia sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta; ukikanyaga mafuta inazima. Alishaambiwa beringi zimekwisha, ashushe injini. Tulipochomoa soketi ya ile swichi, ndani yake kulikuwa kumelowa oili mpaka kwenye pini. Swichi ilikuwa inavuja kupitia katikati yake, na swichi ya namna hiyo huwezi kuiamini inachosema. Tukaifungua, tukafunga geji ya kuazima mahali pake, tukaiacha injini ipate moto kamili. Kitabu cha ufundi cha Toyota kwa injini hizi za A kinataka angalau 0.3 kg/cm² ikiwa sailensa, yaani kama psi 4, na kati ya 2.5 na 5.0 kg/cm² kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kama psi 36 hadi 71. Geji yake ilisimama ndani ya vipimo hivyo pande zote mbili. Tulinunua swichi mpya kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, tukafunga, taa ikazima.

Tahadhari moja kwa atakayefanya hivyo. Nyuzi za swichi ya Toyota ni za BSPT za inchi 1/8, na geji nyingi za madukani huja na nyuzi za NPT za inchi 1/8. Kwa macho ni mapacha. Itaingia mizunguko ya mwanzo kama kawaida halafu itaanza kukaza, na ukilazimisha unaharibu tundu lililoko kwenye bloku, ambalo halinunuliki Gerezani. Tafuta adapta sahihi.

Geji ikionyesha presha kweli iko chini, bado ovahoo si jibu la kwanza. Jiulize sampu ilifunguliwa lini na nani. Mafundi wetu wanapenda silikoni. Badala ya uzi mwembamba wanapaka kama siagi kwenye mkate, na ile inayozidi inajikunja kwa ndani, inakauka, inakatika vipande, vipande vinavutwa hadi kwenye chujio la pampu lililoko chini ya sampu. Pampu inanyonya kwa shida na presha inashuka, hasa ukikanyaga mafuta. Halafu chungulia sampu kwa chini. Kwa barabara zetu, sampu iliyobonyea kwa jiwe ni kitu cha kawaida, na chuma kikibonyea kwenda juu kinaweza kukaribia mdomo wa chujio na kuubana. Haya mawili yanatibika kwa kufungua sampu tu. Vali ya kupunguzia presha kwenye pampu nayo huweza kukwama ikiwa wazi. Nusa kijiti pia. Kikinuka petroli, na oili imezidi badala ya kupungua, kuna mafuta yanayoingia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na hapo kosa litafute upande wa nozeli au plagi isiyochoma, si kwenye beringi.

Beringi zikiwa zimekwisha kweli, mara nyingi utazisikia. Ni mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta. Ule mlio mwepesi wa tiki-tiki juu, kwenye tapeti, ni jambo jingine na injini nyingi za Corolla huishi nao miaka. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, uhamehame toka juu kwenda chini. Funga nguo zako vizuri kwanza, mikanda inazunguka, na feni ya rejeta ni ya umeme, inaweza kuanza yenyewe muda wowote.

Kuvuja kuna uvumilivu zaidi. Tandaza boksi jeupe chini ya injini usiku, asubuhi usome. Rangi inasema kabla ya mahali: nyekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi, kijani au pinki ni kulanti, kahawia hadi nyeusi ni oili ya injini. Lakini usiamini kwamba panapodondokea ndipo panapovujia. Oili inatiririka kwenda chini na upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo sampu inalowa kwa dhambi za wengine. Sijui ni sampu ngapi mjini hapa zimefunguliwa na kupakwa silikoni bure, wakati oili inatoka kwenye tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini.

Osha injini ikiwa imepoa. Funika distributa na altaneta kwa mfuko wa nailoni, tumia sabuni na brashi, iache ikauke kabisa. Kisha pulizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku, washa injini ipate moto, zima, mulika kwa tochi. Poda nyeupe inaonyesha mchirizi wa kwanza kabisa. Anzia juu: gaskiti ya tapeti kava, halafu o-ringi ya distributa, ambayo kwenye injini hizi ni msumbufu wa kudumu na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuifuata. Kisha sili ya kamshafti na sili ya mbele ya kranki. Hizi mbili za mwisho usizipuuze hata kama zinavuja kidogo, kwa sababu oili inalowesha taimingi belti, na belti ya mpira iliyolowa oili haimalizi umri wake. Ukiamua kubadilisha sili, badilisha na belti siku hiyo hiyo. Kazi ya kufungua ni ile ile.

Chomoa pia waya za plagi moja moja. Ukikuta mpira wake umelowa oili, sili za visima vya plagi kwenye tapeti kava zimekauka. Hii ndiyo sababu gari linakosa silinda na mtu anabadilishiwa koili na waya bila nafuu.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakiulizwi kabisa: PCV, vali ndogo inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Ikiziba, presha inajikusanya ndani na inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili. Utabadilisha sili leo, baada ya muda mfupi inavuja tena, na unamlaumu muuza spea. Itoe, itikise: inatakiwa igonge kengele ndogo ndani. Ipulize: upande wa injini hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi (njia ya hewa) ipite kwa shida. Kipimo kingine: injini ikiwa sailensa, fungua mfuniko wa kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Kikivutwa kidogo au kikitulia, vizuri. Kikirushwa na moshi unatoka kwa mapigo, ama PCV imeziba, ama ringi za pistoni zinapitisha moto.

Kama hakuna tone chini na kijiti kinashuka, basi inaliwa. Pima ni kiasi gani, usikadirie. Jaza hadi F, andika kilomita, baada ya kilomita 1,000 ongeza kwa chupa yenye vipimo. Vitabu vya Toyota vinavumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho kwangu ni cha ukarimu mno, lakini kinakuonyesha kwamba robo lita kwa gari kuukuu si msiba. Kisha angalia moshi wa bluu unatoka lini. Ukitoka kwa wingi ukiwasha asubuhi halafu ukakatika, au ukishuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta halafu ukakanyaga, hizo ni sili za valvu, na fundi mzuri anazibadilisha bila kushusha injini. Ukitoka kila unapokanyaga kwa nguvu, ni ringi. Wenye 1ZZ-FE za mwanzo, hizi za Premio, Allion na Wish, wanajua habari hii: pistoni zake zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili, yakiziba kwa masizi ringi zinaganda na gari linakunywa. Gari la namna hiyo likicheleweshwa kubadilishiwa oili, linaharibika haraka zaidi.

Dawa za "kuzuia moshi" zinazouzwa mataa mimi sinunui. Zinafanya oili kuwa nzito, moshi unapungua kwa muda, tatizo linabaki. Ndiyo dawa ya mtu anayeuza gari kesho. Ukienda kununua gari, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, na fika asubuhi. Shika bloku kwa mkono uone kama ni baridi kweli, vuta kijiti, na ukikuta oili inanata kama asali, unajua umekutana na nani. Fungua na mfuniko wa kujazia: utando wa rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili, na kwa joto la Dar mimi nashuku gaskiti ya silinda hedi kabla ya kushuku safari fupi.

Kwa oili yenyewe, 5A-FE kwenye joto letu inakubali 20W-50 au 15W-40, kama lita 3 na kidogo pamoja na filta. Usihamishie kanuni hiyo kwenye injini za VVT-i (zinazorekebisha muda wa valvu kwa presha ya oili) zinazotaka 5W-30. Zile zina njia nyembamba za oili. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi haina mpira wa ndani unaozuia oili kurudi chini usiku, na ndiyo sababu taa inachelewa kuzima asubuhi na injini inagonga sekunde mbili tatu. Ukitoa filta ya zamani, hakikisha mpira wake haujabaki umenata kwenye bloku. Ukifunga mpya juu yake, mipira miwili haitakaa, na oili yote inaweza kumwagika ukiwa kwenye mwendo.

Boliti ya sampu inafunguliwa kwa spana namba 14. Weka washa mpya, anza kukaza kwa vidole, malizia kwa spana fupi bila kuning'inia. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala na matofali ya sementi, ambayo hupasuka bila taarifa. Dumu la oili mpya likiisha litoboe kabla ya kulitupa, maana wapo wanaoyaokota kujazia oili feki. Ile chafu ikusanye kwenye dumu jingine uipeleke gereji au kwa wauza mbao, wanaipaka kuzuia mchwa. Usiimwage mtaroni.