Maswali ya Wasomaji: Nyuzi 2, Mvua au Theluji?

SWALI: Kipimajoto cha nje kikisoma nyuzi 2, mara hunyesha mvua tupu. Siku nyingine kinasoma nyuzi 4 na theluji inaanguka. Je, kimeharibika?

JIBU: Kizima kabisa, ila kinapima hewa iliyo karibu na ardhi tu. Wakati wa baridi, hata mvua mara nyingi huanza ikiwa theluji huko mawinguni, na hewa itakayopitia njiani ndiyo inayoamua. Ikikuta tabaka nene lenye joto zaidi ya nyuzi 0, huyeyuka. Chini ya tabaka hilo kukiwa na baridi ya kina, matone huganda tena na kufika yakiwa punje za barafu. Baridi hiyo ikiwa ya kina kifupi, hufika yakiwa maji na kuganda papo hapo kwenye lami, matawi na nyaya za umeme. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Heri theluji ya kufika magotini.

Kuhusu nyuzi 4 zako, tazama unyevu. Katika hewa kavu, theluji na matone vinapovukiza hufyonza joto la hewa. Hewa ya nyuzi 4 yenye unyevu wa asilimia 40 inaweza kupoa hadi karibu na 0. Unyevu ukiwa asilimia 95, itabaki juu ya 3, na utaloa.

Unaweza kupima kupoa huko kabla dhoruba haijafika. Chukua kipimajoto cha kioo, funga balbu yake kwa kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa, kitundike nje kivulini, kisha kipepee mpaka kiache kushuka. Kikitua kwenye 0 au chini yake, tarajia theluji. Kikizidi 2, tarajia mvua. Katikati ya hapo usiweke dau. Na usitumie kitambaa kilichokauka: utasoma joto la kawaida udhani umepata jibu.

SWALI: Utabiri unasema milimita 12 za maji. Ni theluji kiasi gani?

JIBU: Hesabu ya haraka ni sentimita 1 kwa kila milimita, yaani 12. Lakini theluji nzito yenye majimaji, karibu na nyuzi 0, inaweza kuishia 6 au 7, na ile kavu ya baridi kali ikapita 18. Ardhi ikiwa bado na joto, sentimita za mwanzo huyeyukia chini.

SWALI: Niuamini utabiri siku ngapi kabla?

JIBU: Siku tano kabla, amini kwamba dhoruba ipo njiani, lakini usiamini sentimita. Njia yake ikihama kilomita 80 tu, mpaka wa mvua na theluji huhama nayo. Ndiyo maana kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huendesha utabiri wa dhoruba ileile mara 50 na zaidi, kila mara kikibadili kidogo hali ya kuanzia. Matokeo yakitawanyika kuanzia sentimita 2 hadi 30, kumshika mtabiri kwa namba moja ni kumwonea.