Mzigo wa Susi na Chuma

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: kati ya safari zote za kale zilizoanzia au kuishia Bagamoyo, ipi ilikuwa kubwa kuliko zote, na kwa nini? Bila shaka wengi watamtaja Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekwenda kumtafuta Livingstone, na wachache watawakumbuka wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walioanzia Kaole, jirani na Bagamoyo, Juni 1857. Kura yangu inakwenda kwa Abdullah Susi na James Chuma, walioingia Bagamoyo Februari 1874 na mwili wa mwajiri wao David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti.

Ili sababu zangu zieleweke, tuangalie kwanza msafara ulivyokuwa ukiendeshwa. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu na silaha. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Piga hesabu: watu 60 wanamaliza zaidi ya kilo 40 kila siku, na mzigo wa mtu mmoja haufiki huko. Ndiyo maana hakuna msafara uliobeba chakula cha njia nzima. Walibeba vitu vya kununulia chakula: nguo, shanga na nyaya za shaba. Vitu hivyohivyo ndivyo vilivyolipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njiani, na huko Ugogo hongo ilikuwa mazungumzo ya siku kadhaa, si kulipa na kupita.

Stanley alipojiandaa Unguja mwanzoni mwa 1871 aliambiwa kwamba watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku kwa chakula. Doti ni yadi 4, na shuka ni nusu yake. Akanunua doti 2,000 za merikani (nguo ya pamba kutoka Marekani), doti 1,000 za kaniki (nguo nyeusi), doti 650 za nguo za rangi, magunia 22 ya shanga na ratili 350 za nyaya. Kwenye shanga ndiko wageni wengi walikoumia. Shanga nyeusi zilikubalika Ugogo, kwingine hazikutazamwa. Sungomaji, aina nyingine ya shanga, zilikuwa mali Ujiji, lakini huwezi kununulia hata kuku ukiwa bado nusu ya njia. Nyeupe zilipita Ufipa, ila Uzigua na Ukonongo hazikuthaminiwa. Kiongozi aliyekosea hesabu hiyo alilala njaa juu ya magunia yaliyojaa, na mfanyabiashara aliyemuuzia alikuwa keshakula faida yake zamani.

Kufunga mitumba, yaani marobota ya nguo, nayo ilikuwa kazi ya mafundi. Nguo zilipangwa doti juu ya doti, zikakandamizwa na kupigwa mpaka mtumba ukawa mgumu kama gogo, kisha ukazungushiwa mkeka na kukazwa kwa kamba ya kumbi. Wanyamwezi waliongeza miti pembeni, ikitokeza chini ya mtumba. Miti hiyo ilimwezesha mpagazi kuuegemeza mzigo kwenye shina la mti akapumzika na kuuchukua tena bila kuinama. Mtumba uliofungwa ovyo hulegea siku ya tatu, huvimba ukinyeshewa, na nguo yenye ukungu haipokelewi sokoni.

Palipokuwa na mwendo mrefu usio na maji, kama Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, walipiga telekeza. Watu walipika na kunywa asubuhi kwenye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana na kwenda mpaka jua linazama. Walilala pakavu, wakaondoka kabla ya mapambazuko, na asubuhi hiyo wakayafikia maji mengine. Kwa namna hiyo mwendo wa siku mbili uligharimu usiku mmoja tu wa kiu. Hatari ilikuwa wapagazi kumaliza vibuyu saa ya kwanza, au mgonjwa kubaki nyuma giza likiingia.

Stanley aliyapata haya yote kwa fedha ya gazeti la New York Herald. Aligawa watu wake katika misafara mitano ili wasigombanie chakula vijijini, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini yeye mwenyewe aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, masika ikiwa mlangoni, na bonde la Mkata likamngoja likiwa limejaa maji na tope. Farasi wake wawili walikufa hata kabla ya huko. Wazungu wenzake, Farquhar na Shaw, hawakurudi. Alifika Tabora tarehe 23 Juni, na mwendo huo si mbaya hata kidogo. Siwezi kumnyima sifa yake, wala ile ya safari ya pili ya 1874, alipotoka hapa na watu 356 na mashua ya Lady Alice iliyokatwa vipande ili ibebeke, akatokea Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, Agosti 1877. Ila alikuwa na akiba, na nyuma yake kulikuwa na matajiri.

Sasa waangalie Susi na Chuma. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, huko Ilala, kusini mwa Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Mwajiri amekufa na hakuna aliyeahidi kulipa. Mali iliyobaki ni chache, na pwani iko zaidi ya kilomita 1,600. Juu ya hayo, mzigo wenyewe ni maiti, kitu ambacho kijiji kikikigundua kinaweza kuzuia njia au kudai faini kubwa. Chitambo mwenyewe aliwashauri wamzike palepale. Wenzao, kiasi cha watu 60, wengi wao wakiwa wale walioandikishwa Unguja na Stanley mwaka uliotangulia, waliwachagua hao wawili kuwa wakubwa wao kwa sababu walikuwa wazoefu wa safari. Kitu cha kwanza walichofanya kinanivutia kuliko ushujaa wowote: walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, na mwenzao Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichomo, ili pwani asitokee wa kuwaita wezi.

Kisha wakautengeneza mwili. Walijenga nje ya kijiji kibanda kisicho na paa, chenye boma imara la kuzuia wanyama. Mwenzao Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua na kutoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti wa mvula, na Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Chumvi waliipata kwa kubadilishana na nyuzi 16 za shanga, wakaijaza kifuani. Mwili ulianikwa juani siku 14, ukigeuzwa mara moja kila siku. Miguu ilikunjwa magotini ili kufupisha mzigo. Ukavikwa kaliko, kitambaa cha pamba, ukaingizwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti mrefu, watu wawili wakaweza kuuchukua mabegani.

Njiani ugonjwa uliwalaza karibu wote kwa wiki kadhaa, na walipigana katika kijiji kimoja kilichowazuia. Walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, Oktoba 1873. Huko Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa akipanda kutoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, aliwashauri wauzike mwili. Wakakataa, kwa heshima.

Kasekera, kijiji cha mbele kwenye njia ya pwani, ndipo werevu wao ulipoonekana zaidi. Wenyeji hawakutaka maiti ipite. Susi na Chuma wakajifanya wamekubali kuirudisha Unyanyembe ikazikwe. Walipojificha waliutoa mwili ndani ya gome na kuufunga upya kama mtumba wa kawaida wa nguo, mtumba kati ya mitumba. Halafu wakachukua mabua ya mtama, wakayaviringishia nguo mpaka yakawa na umbo la maiti, na watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni kurudi walikotoka. Walipokwisha kuwa mbali, wakaifumua ile maiti ya mabua, wakayatawanya porini, wakazunguka mmoja mmoja na kuwakuta wenzao mbele. Toka hapo hadi pwani kilichopita machoni pa watu kilikuwa mzigo wa merikani tu.

Tarehe 24 Februari 1874 mwili ulilazwa kwenye misheni ya Roho Mtakatifu hapa Bagamoyo, ukavushwa Unguja kwa meli ya Kiingereza, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey. London waliuthibitisha kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba. Wapagazi walilipwa na kutawanyika hapahapa, na katika kundi zima ni Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza.

Najua atatokea msomaji wa kumtetea Sidi Mubarak Bombay, aliyekwenda na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha akavuka bara na Cameron hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Mngeuliza msafiri mkubwa ni nani, ningempa yeye bila kubishana. Mmeuliza safari.

Na kama kuna anayedhani ile ya 1873 ilikuwa bahati tu, amtazame Chuma miaka sita baadaye. Mwaka 1879 alikuwa mnyapara mkuu wa msafara uliotoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikufa mwezi wa pili tu wa safari, na nafasi ikamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuongoza hata wapagazi kumi. Chuma ndiye aliyepanga posho, akasuluhisha ugomvi na kujadili hongo, na karibu wapagazi wote, kiasi cha 150, walirudi pwani wazima.

Msomaji wenu,
Bagamoyo